Upana wa Mikono ya Kamanda

Jumamosi asubuhi, ukiona mtu mzima anapita katikati ya nyumba za mtaa wetu wa Langas, hapa Eldoret, amenyoosha mikono yote miwili, huhitaji kuuliza amepatwa na nini. Ni Kamanda anapima njia. Vidole vyake vikigusa ukuta wa huku na wa huku kwa pamoja, basi kuna mtu amesogeza mbao zake mbele, na mtu huyo ataitwa, na hatafurahi. Mabanda ya kuku yaliondoka siku hiyo hiyo. Hata kamba za nguo alizifungua, akazikunja vizuri na kumkabidhi mwenyewe mkononi.

"Hapa watu wawili wenye ndoo wanapishana aje?" angeuliza. "Nionyeshe. Wewe pita huku, mimi nipite huku."

Na alikungoja upite kweli. Nimewahi kumwona mama mmoja wa kanisani, mnene wa heshima zake, amebanwa kati ya Kamanda na banda la kuku lake mwenyewe, sisi tunacheka mpaka machozi yanatutoka, Kamanda hacheki hata kidogo. Alikuwa anasubiri jibu. Kufikia saa sita banda lilikuwa limehamia nyuma ya choo.

Niseme mapema, ili usidhani ninamsifu kwa sababu nimesahau: mtu huyu alinibomolea duka. Alilibomoa mchana kweupe, watu wote wakiona, na kwa miaka saba nilingoja aniambie neno moja tu. Nilingoja nikiwa ndani ya kikosi chake, nikibeba ndoo zake, maana hasira ni kitu kimoja na moto ni kitu kingine. Yote mawili nayajua vizuri.

Cheo hakupewa na mtu. Hakuna ofisi iliyomtuma wala mshahara uliomfuata. Lori la zima moto likitoka mjini lingefika barabarani tu; kwenye vichochoro vyetu halingeingia hata likipakwa mafuta. Kwa hivyo aliunda kikosi chake mwenyewe: vijana wawili watatu wa boda boda, mama wa maziwa, mwenye duka aliyehamia hapa kutoka upande wa kati wa nchi, wafanyakazi wa mjengo wasiopata kazi siku hiyo, na mimi fundi wa nguo. Nilitoka upande wa ziwa na cherehani moja na mtoto mgongoni, na Kamanda aliniandikisha kabla sijajua vizuri maji yanachotwa wapi.

Alikuja kushonewa koti. Alileta kipande cha turubai la lori, kizito kama adhabu, akasema anataka koti la kuingilia motoni. Nikampima. Kutoka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole alikuwa futi sita na inchi tatu, na yeye mwenyewe hakuwa mrefu hivyo.

"Mzee, hii mikono uliazima wapi?" nikamuuliza.

"Andika hiyo namba," akasema. "Usiipoteze."

Nikadhani ni kwa ajili ya koti lingine. Akiinama kuvaa viatu aliniuliza kama naweza kubeba ndoo mbili kwa mara moja. Nikasema mimi ni mtu wa ziwa, nimebeba maji tangu nijue kutembea. Jumamosi iliyofuata akanigongea mlango kama aliyetumwa kunichukua.

Sasa sikia kazi yake ya kila siku ilikuwa nini. Alikuwa anatengeneza majiko ya makaa! Kamanda wa moto, mtu anayeogopwa na kila aliye na mshumaa, alikaa kibandani kwake anagonga mabati na kuuzia watu moto wa kupeleka nyumbani. Nilimtania mpaka nikachoka. Nilimwambia anauza ugonjwa Jumatatu na dawa Jumamosi. Alinijibu kwamba jiko litanunuliwa tu, akitengeneza yeye au akitengeneza mlevi, na lake halipinduki. Hilo lilikuwa kweli. Majiko yake yalikuwa na miguu mipana ajabu, na ukinunua moja ulipewa mahubiri bure: usiwashe ndani ukafunga dirisha, usimwage jivu kabla hujalishika kwa mkono, usimwachie mtoto. Wateja wengine walilipa haraka ili wakimbie.

Zamani alikuwa mtu wa boila kiwandani. Nadhani ndiko alikojifunza kuuangalia moto bila kuwa na haraka. Yeye hakuuchukia kama sisi. Angesimama na kuutazama kidogo, sisi tukipiga kelele nyuma yake, halafu angesema mambo mawili matatu kwa sauti ya chini na kila mtu akaenda mahali pake.

Kila ploti aliiwekea pipa la maji ya kuzimia moto. Maji hayo hayakuwa ya kufulia, wala kupikia, wala kuazimana. Lakini bomba likikauka wiki nzima, utamwambia nini mwanamke mwenye nepi ndoo mbili? Tuliiba. Mimi niliiba. Alipogundua hakugombana na mtu. Alikuja na toroli la udongo mwekundu akatia makoleo mawili katika kila pipa na kukoroga kwa mwiko. Maji yakawa kama chai ya rangi nzito. Tulimlaani, lakini kuanzia siku hiyo mapipa yalikuwa yamejaa.

"Moto haujali maji machafu," alisema, akatoka na toroli lake.

Jambo jingine alilopigana nalo ni sofa. Watu wa kwetu nyumba ikishika moto hufanya kosa moja, na hulifanya kwa nguvu zote: wanatoa sofa. Umelipa sofa seti kidogo kidogo mwaka mzima, utaiacha iungue? Basi mwanamume anaikokota mpaka mlangoni, anaitoa, anaiweka kichochoroni na kurudi kuchukua televisheni. Jirani naye ametoa kabati lake. Sasa njia imezibwa kabisa na ndoo haziwezi kupita. Kamanda alikuwa na sheria moja: mtoto kwanza, kisha mtungi wa gesi, kingine chochote kibaki. Niliwahi kumwona akikatakata kwa shoka sofa ya kijivu, mpya kabisa, ikiwa na plastiki yake bado, mwenyewe akilia kando kama aliyefiwa. Kesho yake Kamanda alienda kwa huyo bwana na kufanya kazi ya kumpigilia ukuta upya siku mbili, bila kutaja sofa. Hakuomba msamaha. Nilikuja kujua baadaye kwamba hiyo ilikuwa tabia yake.

Sifa zake zilivuka mtaa. Mama mmoja wa Elgon View, mtaa wa wenye pesa, ambaye dada mmoja wa kikosi alimfanyia kazi za nyumbani, alimwomba aje aangalie nyumba yake. Tulienda naye wawili. Mlinzi alitutazama viatu kwanza. Ndani ni kapeti mpaka kwenye ngazi, na kila dirisha lina vyuma na kila chuma kina kufuli. Kamanda akasimama katikati ya chumba cha kulala akauliza, "Mama, kukiwaka sasa hivi, ufunguo uko wapi?"

Mama akaenda kutafuta. Kamanda akaanza kuhesabu kwa sauti, taratibu. Droo zikafunguliwa, bwana akapigiwa simu kazini, mtoto akaulizwa. Alipofika mia moja na kumi ufunguo ukapatikana, na haukuwa wenyewe. Kamanda akavaa kofia.

"Watu wangu wa Langas wanalala kwa nyumba za mbao," akamwambia kwa adabu, "lakini wanatoka haraka kukushinda."

Alikuwa pia na udhaifu wake na sitauficha. Alikuwa bahili wa sifa mpaka inauma; ukizima moto vizuri alikuambia umemwaga maji mengi. Aliogopa mbwa, hata wale wadogo wa kuchekesha. Kanisani alikaa karibu na mlango, na siku ya harusi yenye mishumaa alikaa na ndoo ya mchanga miguuni, amevaa tai. Na alikuwa na kichwa kigumu ambacho sijaona kingine mfano wake. Kamanda akisema kitu, kimesemwa.

Hapo ndipo tunafika kwenye duka langu.

Lilikuwa la mbao na mabati, mwisho wa safu, linatazama barabara. Nilikuwa na cherehani mbili wakati huo, na kazi ya sare za shule moja nzima. Nyuma yangu kulikuwa na safu za nyumba mpaka ndani kabisa, watu wamebanana. Ilikuwa msimu wa kiangazi, saa nane mchana, upepo ule mkavu wa Eldoret unaopasua midomo. Mafuta ya kukaangia viazi ya muuza chipo, vibanda sita kutoka kwangu, yakashika moto, kisha karatasi zake, kisha paa.

Filimbi ya Kamanda ikalia mara tatu. Nikatupa mkasi, nikakimbia na ndoo.

Hapa lazima nikueleze kazi yetu ilivyokuwa, maana mtu wa mbali anafikiri moto unazimwa kwa maji. Nyumba za mbao zikishikana hivyo, maji ya ndoo ni ya kuchelewesha tu. Kinachozuia moto ni pengo. Unachagua nyumba ambayo bado haijashika, unatoa watu, unatia kulabu za chuma kwenye paa na nguzo, mnavuta kwa kamba wote pamoja, inaanguka, mnaondoa mbao, na moto ukifika hapo haupati cha kula. Kwa hivyo mtu mmoja lazima anyooshe kidole aseme: nyumba hii. Na nyumba hiyo ni ya mtu.

Kamanda alichota vumbi akalirusha juu aone linaelekea wapi. Lilikuja upande wetu. Akatazama safu yote, halafu akanyoosha kidole.

"Hapa kwa Fundi," akasema.

"Kamanda, usinitanie," nikamwambia.

"Toeni cherehani. Dakika tano."

Yawa, nililia. Nililia huku nikibeba kichwa cha cherehani. Wenzangu walitoa vitambaa walivyoweza. Kulabu zikaingia kwenye mabati niliyoyanunua moja moja. Watu thelathini wakashika kamba, wengine ni wateja wangu, mmoja amevaa suruali niliyomshonea mimi. Kamanda akainua mkono. Akaushikilia juu kidogo, kama mtu aliyesahau jambo. Kisha akauteremsha, na duka langu likalala chini.

Na upepo ukageuka. Haki ya Mungu, uligeuka ukarudi ulikotoka. Moto ukala kibanda cha chipo na kingine kimoja, ukafika barabarani ukakosa pa kwenda, tukaumaliza kwa ndoo. Ukiacha hivyo viwili, kila nyumba ya safu ile ilibaki imesimama isipokuwa yangu, ambayo moto haukuikaribia hata kuinusa.

Walinichangia mabati na misumari. Majirani zangu ni watu wema. Lakini nilipotaka kujenga pale pale, Kamanda akaja, akanyoosha mikono yake katika ile nafasi, akasema hapajengwi tena, pabaki pengo. Landilodi akamsikiliza kwa sababu moto ulikuwa bado unanuka puani. Nikapewa kichumba ndani kabisa, mwisho wa kichochoro, ambako mteja akija ni amepotea. Shule ikatafuta fundi mwingine. Mwanangu akakaa muhula mzima nyumbani.

Baada ya hapo, kila Jumamosi akipita na mikono yake nilimwambia, "Kamanda, bado nangoja."

"Najua," alijibu, akaendelea kupima.

Hatukuwahi kuongeza neno. Miaka saba! Vijana wakafanya mchezo, mmoja wa boda boda aliniuliza, "Fundi, si uachane na hiyo story? Mzee hawezi sema sori, hajui inasemwa aje." Nikamwambia basi atajifunza. Sikutaka anijengee. Nilitaka tu aseme alikosea.

Halafu kifua kikamshinda. Moshi wa miaka yote hiyo ulikuwa umeweka kambi humo, na magoti nayo yakakataa. Mke wake akamrudisha shambani kwao upande wa Sugoi. Aliondoka siku ya wiki, bila hotuba, majiko yaliyobaki akayagawa. Jumamosi iliyofuata hakuna aliyepima njia. Jumamosi ya pili nikaona mtu ameanza kupanga matofali kichochoroni, na kabla sijajizuia nimeshachukua futi yangu ya shingoni na ninampima yeye na matofali yake. Njia lazima iwe futi sita na inchi tatu. Namba nilikuwa nayo.

Mwaka jana landilodi akanijia na soda mkononi. Sasa anajenga maduka ya mawe kando ya barabara, na lile pengo ndilo mahali pazuri kuliko pote. Akasema, "Mama, wewe ndiwe uliumia pale. Nakupa nafasi ya kwanza, kodi ile ile ya zamani. Ukikataa nampa mtu wa simu." Nikamwomba wiki moja.

Usiku sikulala vizuri, na sitadanganya, nilikuwa nimeshapanga dirisha litakaa wapi. Dirisha la kioo, sare zimetundikwa, watu wa barabarani wanaona. Miaka hiyo yote nilikuwa nikishona kwenye giza. Lakini kila nikifikiria nguzo ya kwanza inachimbiwa, nilimwona yule mzee amesimama hapo na mikono yake. Nikasema nitamwendea. Aniambie uso kwa uso kwamba alikosea, nijenge moyo wangu ukiwa mweupe.

Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Kuzunguka ghala la mahindi alikuwa amelima ukanda mpana, mtupu kabisa, haujaota hata nyasi. Nikacheka peke yangu. Mke wake akanipokea kwa mursik, yale maziwa yao ya kugandisha kwenye kibuyu, na kiti cha kivulini, akaniambia hata jikoni kwake kuna ndoo ya maji mekundu.

"Chamgei, Fundi," akasema Kamanda. Sauti ilikuwa imebaki nusu. "Bado unangoja?"

"Bado, Mzee."

Nikamweleza habari ya landilodi. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikipukuchua. Kisha akaweka gunzi chini.

"Vumbi liligeuka," akasema. "Ile siku. Nilikuwa nimeinua mkono na nikaona vumbi limegeuka. Kamba zilikuwa bado hazijakazwa. Ningeweza kusema simameni."

"Na mbona hukusema?"

"Watu thelathini wananiangalia. Nikafikiria, leo nikisema simameni, kesho nikisema vuteni, watauliza mara mbili. Na moto hauwezi ngoja waulize." Akakohoa kwa muda mrefu. "Baadaye nikasema hiyo nafasi ni pengo, ibaki pengo, ndio ionekane kulikuwa na maana. Pengo lilikuwa linahitajika, hiyo si uongo. Lakini nililichukua kwa nguvu. Nilikukosea, Fundi. Ni pako. Ukitaka kujenga, jenga, na mtu akikuuliza mwambie mimi nimesema ni pako."

Nilikuwa nimejiandaa miaka saba kwa neno hilo na nilikuwa na majibu kumi. Nililia, naye akageukia mahindi yake ili nilie vizuri. Mke wake akaleta chai, akaona, akarudi nayo jikoni.

Wakati wa kuondoka nilimwambia anyooshe mikono, nione kama koti bado litamfaa. Wa kushoto ulinyooka. Wa kulia ulifika begani ukakwama. Alijaribu tena, akakasirika.

"Wacha, Mzee," nikamwambia. "Hiyo namba ninayo."

Jumamosi nilienda kwenye pengo asubuhi mapema. Landilodi alikuwa ameshafika na fundi wa mjengo, vigingi vinne vimepigwa na uzi umefungwa. Nyuma ya vigingi mama anayetembelea magongo alikuwa anatoka na kapu lake. Alikuwa akipitia hapo kila siku, maana njia nyingine ina ngazi. Aliangalia uzi, akainama taratibu, akauvuka. Nikatoa futi shingoni, nikapima pengo lote kutoka ukuta mpaka ukuta. Zilikuwa futi sita na inchi tatu, na nusu inchi ya ziada.

"Hapa hapajengwi," nikasema.

Landilodi akashangaa. "Mama, mimi sikuelewi. Miaka yote umelia juu ya hapa. Hata yule mzee naskia amekubali ni pako. Sasa mbona usijenge?"

"Kwa sababu ni pangu," nikamwambia, nikainama nikang'oa kigingi cha kwanza.